Maua Meupe Juu ya Tembe

Loisi Chibago si mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyonayo, mengi ni ya kugomba. Atakugombeza ukichelewa, atakugombeza ukiwahi ukamkuta hajajiandaa, na ukifika kwa wakati atatafuta jambo lingine. Lakini pale Isanghala, kijiji kilicho chini ya mlima upande wa Chamwino, hakuna aliyewahi kumsikia akimgombeza mama yake. Mbele ya bibi Debora sauti yake ilishuka, ikawa ya mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza. Wanawake wenzake walimcheka kwa hilo waziwazi, naye aliwaacha wacheke.

Alizaliwa hapohapo, akaolewa hapohapo, akafiwa na mume hapohapo. Binti yake Anitha alisoma, akapata kazi mjini Dodoma na kupanga nyumba Area D, na kila alipokuja likizo alikuwa na wimbo mmoja tu: mama na bibi wahamie kwake, kuna umeme, kuna bomba. Loisi alimjibu kwamba bomba lenyewe halitoi maji nusu ya wiki. Ukweli ni kwamba asingeweza kuondoka. Macho ya bibi Debora yalikuwa yameshaingia ukungu, anaona mwanga na vivuli basi, na ndani ya tembe lake alijua kila nguzo kwa kiganja. Ukimtoa pale ukampeleka kwenye nyumba ya vigae na milango ya kujifunga yenyewe, ungekuwa umempofua upya.

Basi Loisi alikaa kwenye nyumba yake ya bati, mama yake akakaa ng'ambo ya ua kwenye tembe la zamani. Wageni wa siku hizi wanaoteremka na magari yao huyapiga picha matembe haya kana kwamba yamechimbuliwa kaburini. Ni nyumba tu. Ukuta wa udongo, paa bapa: boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi, na juu ya vyote udongo uliopigwa ukashikana mpaka mvua ikose pa kupitia. Kiangazi watu huanika mlenda huko juu, na masika paa lote huota nyasi likawa kijani, wala hakuna anayeshangaa.

Kazi ya Loisi, kuokota kuni, ilikuwa mlimani. Mlima ule ni msitu wa serikali, na kijiji kizima kinauegemea: chemchemi inatoka huko, kuni zilizoanguka zinatoka huko, na ukame ukizidi ndiko mifugo inakopelekwa kwa kibali. Miaka michache iliyopita malori ya kokoto za barabara mpya yalikuwa yakigeuzia chini ya mlima. Malori yakaondoka, na pale yalipogeuzia pakaota kitu ambacho hakuna mzee aliyekuwa na jina lake. Majani yamekatikakatika kama ya karoti, vimaua vidogo vyeupe, vizuri kweli. Watoto walivichuma wakavichomeka kwenye nywele.

Masika yaliyofuata kitu kile kilikuwa kimeshapanda mlima. Kilipoota, majani ya malisho yalitoweka chini yake kana kwamba yamefagiliwa. Mbuzi walikinusa wakageuka. Ng'ombe wenye njaa walikila, na maziwa yao yakawa machungu hata ndama wakayatema. Na watoto waliovaa maua kichwani wakaanza kujikuna shingo mpaka damu.

Ndipo alipokuja Hanifu, afisa misitu, kijana wa Kondoa, mpole, mwenye pikipiki ya serikali na kikohozi cha vumbi la barabarani. Yeye ndiye aliyewapa jina lake, gugu karoti, na ndiye aliyewakusanya wanawake wakawa kikundi cha kuling'oa. Wakamchagua Loisi awe kiongozi, kwa sababu ndiye peke yake ambaye akigomba kwenye bonde moja anasikika la pili.

Hanifu aliwafundisha chini ya kivuli cha ofisi ya kijiji. Ling'olewe mvua ikishanyesha, udongo ukiwa laini, na ling'olewe kabla halijachanua. Litoke na mzizi wake. Mikono ivikwe glavu, pua ifungwe kitambaa. Yaliyong'olewa yatupwe kwenye mashimo pembeni ya msitu, yakikauka yachomwe moto. Kisha akachukua chembe ya ugoro kutoka kwa mzee mmoja, akaiweka kwenye ncha ya kidole.

"Mbegu yake ni ndogo kuliko hii," alisema. "Inapanda nguo, inapanda kwato, inapanda tairi. Mtu anaibeba mpaka nyumbani kwake, kitandani kwake, na hana habari. Na maua yake yakishaingia kifuani mwa mtu dhaifu, kifua kinajifunga. Nimeona watu wazima wakihangaika kutafuta pumzi."

Maneno yale yalimganda Loisi. Mpaka siku hiyo alikuwa akitoka mlimani anapitiliza kwa mama yake, na nguo zake za kazi, na matope yake. Bibi Debora alikuwa akimsikia kabla hajafika mlangoni, maana gugu lile lina harufu ya uchungu-uchungu inayong'ang'ania kwenye nguo. "Umerudi," angesema akiwa kitandani. "Unanuka mlima." Kisha angempapasa mikono, mabega, kichwa, kuhakikisha amerudi mzima.

Baada ya somo la Hanifu, Loisi aliweka pipa la maji nyuma ya ua. Akitoka kazini alivua kila kitu hapo, akajisugua kwa sabuni ya mche mpaka kwenye kucha, akavaa kanga safi, ndipo akaingia kwa mama. Siku ya kwanza alipoingia hivyo, bibi Debora aligeuza uso kule na huku.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Loisi."

"Hunuki kitu," mama yake alisema.

Loisi alicheka na kuona fahari. Aliwahadithia wenzake kesho yake kama mtu aliyefaulu mtihani.

Sasa njoo kwenye habari ya paa.

Mwaka ule mchwa walikuwa wamelitafuna tembe la bibi Debora. Boriti iliyo juu ya kitanda ilibonyea, na fito zilipoguswa zilimwagika unga. Loisi alisema masika hayaingii kabla hajamwezekea mama yake upya. Kwa Wagogo kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Unapika pombe ya mtama, unawaita majirani, wanaume wanapandisha boriti, wanawake wanabeba udongo kichwani. Lakini udongo unauchagua mwenyewe, na kuuchagua si mchezo. Wa mchanga unavuja, wa mfinyanzi mtupu unapasuka. Na kama paa lililopita liliuawa na mchwa, unatafuta udongo uliochanganyika na majivu, maana mchwa na majivu hawapatani. Kila mwanamke wa pale ameshawahi kumwaga majivu chini ya nguzo.

Loisi alijua majivu yaliko. Pembeni ya msitu palikuwa na yale mashimo yao ya kuchomea, moto umeshazima tangu mwanzo wa kiangazi, udongo umeshachimbwa, laini, mweusi kwa majivu. Alimpigia Hanifu simu kuomba udongo kidogo pembeni ya msitu kwa ajili ya tembe la mama. Hanifu alikuwa njiani anakwenda kikaoni, upepo unavuma kwenye simu. Akasema udongo si mti, mama, chukueni. Hakuuliza ni udongo wa wapi hasa, wala Loisi hakumwambia, maana hakuona kama kuna la kumwambia.

Erica ndiye aliyeuliza. Erica alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta na msaidizi wake kwenye kikundi, mwanamke wa kusitasita, mwenye watoto wadogo.

"Dada Loisi, si ndiyo hapa tulipolitupa lile gugu?"

"Na si ndiyo hapa tulipolichoma?" Loisi alimkatisha. "Angalia. Unaona jani lolote? Limeungua, limekwisha. Jaza karai twende."

Na kweli palikuwa peusi, pakavu, pasipo na kitu chochote kinachoota. Erica akajaza karai.

Siku ya kuezeka ilikuwa siku nzuri, na wote waliokuwepo wanaikumbuka hivyo mpaka leo. Ngoma za muheme, zile za wanawake, zilipigwa, pombe ikatosha, Loisi akagomba kuanzia alfajiri mpaka jioni kwa furaha. Bibi Debora alikataa kutoka nje. Alisema anataka kusikia wanavyomwezeka. Akakaa kitandani kwake, vumbi jembamba likimshukia kichwani na mabegani kila karai lilipomwagwa juu, naye akawa anatabasamu. Jioni Loisi alipoingia amesafishika, akamfuta vumbi usoni kwa upindo wa kanga.

"Nyumba inanukia vizuri," alisema mama yake.

"Ni nyasi mpya, mama."

"Labda," alisema bibi Debora.

Paa lilitoka zuri hata majirani wakatamani. Erica akaezeka la kwake kwa udongo uleule, na baada yake wengine, kwa sababu shimo lilikuwa wazi na njia imeshakanyagwa. Kabla ya mvua ya kwanza nusu ya matembe ya kitongoji kile yalikuwa na mapaa mapya, meusi, na mchwa kweli hawakusogea.

Kikohozi kilianza kidogo, kama mtu aliyepaliwa na uji. Loisi hakukijali. Kisha kikawa cha kila asubuhi, na baadaye kifua cha bibi Debora kikaanza kupiga mluzi anapovuta pumzi. Macho yake yaliyokuwa makavu siku zote yakawa yanachuruzika. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimsikiliza, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akauliza kama anapikia ndani. Loisi alirudi akayahamisha mafiga nje siku ileile. Kifua hakikutulia.

Hapo ndipo Loisi alipojifikiria mwenyewe. Yalimrudia maneno ya Hanifu, kwamba mtu analibeba mpaka nyumbani na hana habari. Nani mwingine kwenye boma lile alikuwa akishinda kutwa ndani ya gugu? Alilisogeza pipa lake mpaka mtoni, mbali na ua. Akazichoma nguo za kazi za zamani. Akanyoa nywele zote, kipara kabisa, maana alihisi mbegu zinajificha humo. Majirani waliuliza amefiwa na nani. Kifua cha mama yake kikazidi, na sasa hofu ilimwingia Loisi, hofu ya kweli, ya mtu anayeamka asubuhi akisikiliza kwanza kama ng'ambo ya ua kuna mluzi au kuna kimya.

Mwishowe aliacha kuingia. Alimwomba Erica ampelekee mama chakula, yeye akawa anasimama nje, kando ya mlango, na kuzungumza kutoka hapo.

"Mbona unaongea na mimi kama mgeni?" bibi Debora alimuuliza.

"Kifua chako, mama. Ni mimi ninayekuletea. Tukiumaliza mlima nitaingia, nitakaa na wewe mpaka unichoke."

Ulisikika mluzi tu humo ndani.

Anitha alikuja na gari la kukodi kumchukua bibi yake. Alikuwa amekwishatandika kitanda Area D, amenunua na feni. Bibi Debora alikumbatia nguzo ya katikati, mwembamba vile, na Anitha na dereva wakashindwa kumbandua.

"Hapa sitoki," alisema. "Hapa siko peke yangu."

Anitha alimtazama mama yake aliyesimama nje. Loisi alidhani mzee anawazungumzia waliotangulia, maana baba yake Loisi alifia kwenye chumba kilekile. Wakamwacha. Anitha alilia njiani, na alimlaumu mama yake, na haki alikuwa nayo.

Masika yalipoingia Loisi alipanda mlima na kundi lake kama anayekwenda vitani. Sijui kama aliwahi kufanya kazi namna ile. Aling'oa mvua ikinyesha, aling'oa jua likiwaka, mikono ilivimba ndani ya glavu, na mwenzake aliyeacha mzizi mmoja ardhini alisikia maneno ya kukumbuka. Kila mche alioutoa aliutoa kwa ajili ya kifua kile. Alikuwa amejiwekea ahadi: siku Hanifu atakaposema msitu umesafishika, siku hiyo atateremka, ataoga mtoni, ataingia kwa mama na hatatoka tena. Hakuwa na neno lingine kichwani. Alitoka kabla hakujapambazuka vizuri, akarudi giza likianza kushuka, na kijijini mapaa yalikuwa yameota kijani kama masika yote. Nani angepanda kutazama paa lililoota nyasi?

Hanifu alikuja mvua ilipopumzika. Aliwasalimia, akamwamkia Loisi shikamoo, akavua helmeti na kuanza kutembea. Alipita bonde kwa bonde, akiinama, akifunua majani kwa fimbo, na Loisi nyuma yake, roho mkononi. Kwenye makorongo ambako mwaka uliopita mtu angezama kiunoni kwenye gugu, sasa palikuwa na majani ya malisho, mabichi, yanayoyumba. Chemchemi ilikuwa wazi. Walipofika kwenye jabali la juu Hanifu alikaa, akapangusa jasho.

"Mama Anitha, sikutegemea," alisema. "Nitakuwa nakuja kuangalia, lakini kwa leo msitu huu ni safi. Ningesimuliwa nisingeamini."

Loisi alikaa chini palepale. Alitaka kugomba kidogo, ili mambo yarudi kwenye hali ya kawaida, ila sauti haikutoka. Alikuwa anafikiria mlango wa mama yake.

Hanifu alikuwa akitazama kijijini, mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Kule chini wameanika nini juu ya mapaa?" aliuliza. "Mchele?"

"Mchele, kwani sisi ni watu wa Bahi wanaolima mpunga?" Loisi alimcheka. "Na nani aanike kitu masika haya, mwanangu."

Kisha akatazama.

Mapaa yalikuwa meupe. Si yote. Yale ya bati yalikuwa yanang'aa kama kawaida, na matembe machache ya zamani yalikuwa kijani. Lakini mengine yote, yale mapya, yalikuwa na ukoga mweupe uliotandazwa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuhitaji kuhesabu ya nani na nani. Jeupe kupita yote lilikuwa lile la kwanza kuezekwa, lile alilolichagulia udongo kwa mkono wake. Upepo ulikuwa unatoka kijijini unapanda mlimani. Uliwapiga usoni pale walipokaa.

Hanifu alimgeukia Loisi, akafungua mdomo kuuliza, na ile simu ya siku ya upepo ikamrudia. "Udongo," alisema taratibu. "Mlichukua wa kwenye mashimo. Moto haukufika chini, mabaki na mbegu vilibaki humo."

Loisi alikuwa ameshaanza kukimbia.

Aliteremka mlima ule kama mbuzi, mwanamke wa umri wake, akianguka na kuinuka, nguo za kazi mwilini, bila kukumbuka pipa wala mto. Erica alikuwa uani anatwanga. Alimwona akipita, akaacha mchi hewani.

Loisi aliingia ndani ya tembe kwa mara ya kwanza tangu aache. Kulikuwa na giza na ile harufu, kali, ya uchungu, nzito kuliko alivyowahi kuinusa mlimani. Juu, katikati ya fito, mizizi myembamba ilikuwa imeshapenya, inaning'inia juu ya kitanda. Bibi Debora alikuwa amejikunja, mabega yanapanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Umeingia," alisema mama yake. "Nimekusikia leo."

Loisi alimbeba. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Walipofika kwenye nguzo ya katikati bibi Debora aliing'ang'ania kama alivyomfanyia Anitha, na Loisi akambandua vidole kimoja kimoja, akimwomba radhi kwa kila kidole. Akamlaza kwenye mkeka chini ya kibanda cha jikoni, upande upepo usikoelekea. Hanifu alifika akihema, akapiga simu kutafuta gari, akaambiwa njia imejaa matope, wasubiri.

Loisi alichukua jembe, akapanda juu ya paa.

"Usilipige, mama," Hanifu alimwita kutoka chini. "Ukilipiga litamwaga. Ng'oa polepole, weka kwenye gunia."

Alitupa jembe. Akapiga magoti juu ya paa alilomwezekea mama yake, akaanza kung'oa mche mmoja mmoja, mfupi, uliodumaa kwa udongo mchache, na kila mmoja umejaa maua. Unga mweupe ulimganda mikononi na kifuani. Kutoka pale aliona paa la Erica limechanua, na la pili yake, na lile la tatu. Erica alikuwa amesimama uani kwake ametazama juu, mkono mdomoni, na mlangoni mtoto wake alikuwa anakohoa. Loisi alimsikia, akaendelea kung'oa.

"Loisi." Sauti ya mama yake ilikuwa ndogo. "Unafanya nini huko?"

"Natoa paa, mama. Ni udongo nilioleta mimi. Umeota lile gugu. Ndilo linalokumaliza kifua. Si nguo zangu, ni paa."

Bibi Debora alitafuta pumzi. Alipoipata alizungumza kidogokidogo, akipumzika katikati.

"Nilikuwa nainusa, hiyo harufu. Tangu siku mlipoezeka. Nikasema ni Loisi. Amekataa kuingia mlangoni, ana sababu zake, lakini usiku anakuja kulala juu, ananilinda." Akakohoa, akasubiri. "Ndiyo maana nilimkatalia yule mtoto. Ningeondokaje na wewe uko juu?"

Mikono ya Loisi ilisimama. Hanifu alitazama chini, akajifanya anashughulika na simu. Kilichosikika ni mluzi wa kifua na kikohozi cha upande wa pili wa ukuta.

Loisi aliteremka. Alitaka kwenda kumkumbatia, na bibi Debora, aliyemsikia akishuka, alikuwa ameshanyoosha mkono, uso umemwangazia kama wa mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Sogea," alisema. "Sogea, unanuka mlima."

Loisi alisimama mbali. Alijitazama, nguo nyeupe kwa maua, mikono myeupe, unga mpaka kwenye nyusi.

"Ninawe kwanza, mama," alisema.

Hakuna maji yaliyokuwa karibu, pipa alilihamishia mtoni mwenyewe. Erica alimletea ndoo kutoka kwake bila kumtazama. Loisi alijifungia nyuma ya ua, akavua, akajimwagia, akajisugua kwa sabuni na majivu mpaka ngozi ikawaka. Alisugua kichwa kisicho na nywele. Alilia akisugua, kwa sauti, na hakujali nani anasikia. Kisha akavaa kanga safi ya Erica, akarudi, akapiga magoti kwenye mkeka na kuushika mkono uliokuwa bado umenyooka.

Bibi Debora aliupapasa mkono ule. Akapanda mpaka begani, akagusa shavu, akagusa kichwa kitupu alichokuwa hajawahi kukigusa. Akavuta pumzi fupi kupitia puani.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

Mama yake alimsikiliza kidogo. Kisha akauachia mkono, akageuza uso kulielekea tembe lake, kule inakotoka ile harufu, akawa anatazama huko huku akitafuta pumzi, na gari lilikuwa bado halijafika.